Kutoka Kiti cha Hakimu Hadi Jukwaa la Siasa

Hukumu, hakimu, mahakama na hekima ni maneno ya ukoo mmoja, yaliyotokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Siasa ina mzizi wake mwingine. Je, hakimu aingiapo siasani huenda na hekima ile, au huiacha mahakamani?

Swali hili linatuhusu sisi wakazi wa Nyeri, Karatina na Kerugoya. Bi. Martha Karua, mzaliwa wa Kirinyaga, alikuwa hakimu tangu 1981 hadi 1987, kisha akawa wakili wa kujitegemea. Mwaka 1992 alichaguliwa Mbunge wa Gichugu kwa tiketi ya DP, chama cha Mwai Kibaki.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, akiwa Waziri wa Haki, aliutetea vikali ushindi wa Rais Kibaki. Upande wa serikali uliwataka ODM wapeleke malalamiko yao mahakamani. Nao wakakataa, wakisema hawana imani na majaji. Watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha katika ghasia zilizofuata. Kisheria serikali ilikuwa na hoja. Lakini kumwelekeza mwenye kiu kwenye kisima asichokiamini si kumpa maji.

Aprili 2009 Bi. Karua mwenyewe alijiuzulu, akilalamika kwamba Rais ameteua majaji bila kumshirikisha. Katiba ya 2010 ikaipa Tume ya Huduma za Mahakama kazi ya kupendekeza majaji.

Mwaka 2017, aliposhindwa ugavana wa Kirinyaga, yeye ndiye aliyebisha hodi mahakamani. Mahakama Kuu ya Kerugoya iliitupa kesi kwa sababu za kiufundi. Mahakama ya Rufani mjini Nyeri ikairejesha isikilizwe. Mahakama ya Juu, mwaka 2019, ikasema muda wa miezi sita ulikuwa umekwisha. Mwaka 2020 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki yake, ikaamuru alipwe dola 25,000.

Hili ndilo somo la kufundisha darasani: thamani ya mahakama huru humdhihirikia mwanasiasa siku anaposhindwa, ilhali nafasi ya kuijenga huwa nayo anapotawala. David Maraga, Jaji Mkuu hadi 2021, naye alitangaza mwaka 2025 nia ya kuwania urais 2027. Kwa kila mwanasheria aombaye kura, tusiulize tu alihukumu vipi. Tumwulize atawalindaje majaji watakaoamua dhidi yake.