AFYA NYUMBANI: Mfupa wa Taya Unapopandikizwa

Jino likishang'oka, watu wengi hudhani kwamba kilichopotea ni jino peke yake. Pengo huonekana, ulimi hulizoea, na maisha huendelea. Lakini chini ya ufizi liko jambo jingine linalotendeka kimya kimya, nalo ndilo litakaloamua, miaka kadhaa baadaye, kama jino jipya la kudumu litaweza kusimama mahali pale ama sivyo.

Chukua mfano wa sajini mmoja, baba wa watoto wanne, aliyeanguka na pikipiki akapoteza meno mawili ya mbele ya juu. Kwa miaka mitatu amekuwa akifunika kinywa kwa kiganja kila anapocheka. Sasa binti yake mkubwa ataposwa baada ya miezi miwili, naye anaona haya kukaa mbele ya wageni katika hali hiyo. Anakwenda kwa daktari wa meno akitaka meno yasiyovuliwa. Daktari anaitazama picha ya eksirei, kisha anasema, "Afande, mfupa umebaki mwembamba kama makali ya kisu. Hauwezi kushika jino. Itatubidi kwanza tupandikize mfupa."

Sajini anarejea nyumbani na karatasi ya kutia sahihi. Mkewe anaisoma polepole, anaiweka mezani, kisha anauliza, "Baba watoto, kabla hujashika kalamu: mfupa wako ulikwenda wapi? Na huo watakaokutia, wanautoa wapi?"

Maswali ya mama huyo ni mema, na kila jamaa yapasa kuyauliza.

Kwanza, mfupa ulikwenda wapi? Mfupa unaoshika meno huishi kwa ajili ya meno. Kila mtu anapotafuna, mzizi wa jino huusukuma mfupa, na msukumo huo huuhimiza mwili kuutunza. Jino likiondoka, kazi hiyo hukoma, na mwili huanza kuuyeyusha mfupa usio na kazi. Katika mwaka wa kwanza baada ya jino kung'olewa, upana wa mfupa mahali pale huweza kupungua kwa takriban nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Ugonjwa wa fizi wa muda mrefu, jipu la mzizi na ajali nazo hula mfupa. Huko nyuma ya taya la juu, uwazi wa hewa ulio karibu na pua huweza kushuka na kupunguza zaidi mfupa uliobaki.

Jino la kudumu linalopandwa leo husimama juu ya msumari mdogo wa titani, wenye hesi kama skrubu, unaoingizwa ndani ya taya. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi ndiye aliyegundua katika miaka ya 1950 kwamba titani hushikamana na mfupa ulio hai, na mwaka 1965 akampandia mgonjwa wake wa kwanza. Lakini msumari huo, kama nguzo ya nyumba, wahitaji ardhi ya kutosha. Pasipo mfupa, hapana nguzo.

Pili, mfupa unaopandikizwa hutoka wapi? Njia ni nne. Waweza kuchukuliwa kwa mgonjwa mwenyewe: kidevuni, nyuma ya taya la chini, au nyongani ikiwa unahitajika mwingi. Waweza kutoka kwa binadamu aliyefariki ambaye viungo vyake vilitolewa kwa matibabu, nao husafishwa na kukaguliwa. Waweza kutoka kwa mnyama, mara nyingi ng'ombe, na pengine nguruwe. Tena waweza kutengenezwa kiwandani kwa madini yanayofanana na yale ya mfupa. Mfupa wa mgonjwa mwenyewe ndio wenye chembe hai, lakini humletea kidonda cha pili mahali ulipochukuliwa.

Kwa hiyo mtu ambaye imani yake inamkataza mfupa wa mnyama fulani, au ambaye moyo wake hauridhii mfupa wa maiti, ana haki ya kusema hivyo mapema na kuelezwa njia nyingine. Akinyamaza, majuto yaweza kuja wakati hakuna la kufanya. Kitabu cha Job van Meekeren, mpasuaji wa Uholanzi, kilichotolewa mwaka 1668, kinasimulia habari za askari wa Urusi aliyejeruhiwa kichwani, ambaye tundu la fuvu lake lilizibwa kwa kipande cha mfupa wa mbwa. Kidonda kilipona, lakini kanisa likamtenga kwa kubeba mfupa wa mnyama. Husimuliwa kwamba aliporudi kuomba uondolewe, haikuwezekana: ulikuwa umekwisha shikamana na wake.

Kisa hicho chaonyesha pia siri ya upasuaji wenyewe. Mfupa mgeni ni kiunzi tu; fundi ni mwili wa mgonjwa. Daktari huupasua ufizi, huweka mfupa au chembechembe zake mahali palipopungua, pengine hufunika kwa utando mwembamba, kisha hushona. Kazi ndogo hufanywa kwa ganzi, mgonjwa akiwa macho. Kazi kubwa, kama ya kuchukua mfupa wa nyonga, huhitaji usingizi wa dawa hospitalini. Baadaye mishipa ya damu huingia katika kiunzi hicho, na chembe za mwili hujenga mfupa mpya polepole. Ujenzi huo huchukua miezi 4 hata 9, na pengine zaidi. Hauharakishwi kwa amri ya mtu yeyote, awe jenerali au kuruta.

Hapo ndipo sajini wetu anapotambua kwamba posa ya binti yake haitaungoja mfupa. Lakini mkewe ana swali la tatu: "Na sisi je, tunatakiwa kufanya nini?"

Linalotakiwa kwanza ni ukweli. Mgonjwa amweleze daktari kama ana kisukari, kama anatumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, kama amepata kuchomwa kwa mionzi kichwani au shingoni, na kama anatumia dawa za kuimarisha mifupa, kwa maana baadhi yake huweza kuzuia taya lisipone. Kisukari kilichotawaliwa vizuri si lazima kizuie upasuaji. Kilichofichwa ndicho cha hatari. Tumbaku nayo ni adui mkubwa, kwa sababu hubana mishipa midogo ya damu, na kiunzi kisichofikiwa na damu hufa. Sajini aliyezoea sigara za zamu ya usiku hana budi kuziacha kabla ya upasuaji na katika muda wote wa kupona.

Baada ya upasuaji, mgonjwa aumie pamba ya daktari taratibu mpaka damu ikome, na siku ya kwanza aweke kitu cha baridi shavuni. Asiteme mate kwa nguvu, asinyonye kwa mrija, asipekue kidonda kwa ulimi. Ale vyakula laini: uji, mchuzi, matoke yaliyopondwa. Tangu siku ya pili asukutue polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na anywe dawa zote kama alivyoandikiwa. Uvimbe wa siku 2 au 3 ni wa kawaida. Lakini uvimbe unaozidi baada ya hapo, homa, usaha, au shida ya kumeza na kupumua, si mambo ya kusubiri asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Ikumbukwe pia kwamba si kila pengo lahitaji upasuaji huu. Meno ya kuvua, ama yale yanayoshikizwa kwa meno ya jirani, humsaidia mtu kula na kucheka pasipo kupandikizwa mfupa. Tena anayeng'olewa jino leo yafaa amwulize daktari siku hiyo hiyo namna ya kuutunza mfupa, kwa kuwa kuuhifadhi ni rahisi kuliko kuurejesha.

Sajini anairudisha karatasi kwa daktari bila sahihi, na maswali matatu yameandikwa nyuma yake kwa mkono wa mkewe. Wanakubaliana: atengenezewe meno ya kuvua kwa ajili ya siku ya posa, aache sigara, na mfupa wa ng'ombe anaouridhia upandikizwe baadaye, mwili ukiwa tayari. Siku ya wageni atacheka bila kuweka kiganja mdomoni, na paketi ya sigara haitakuwamo mfukoni mwake.