Msimu Umekwisha, Hesabu Ianze

Ndugu zetu wa Kasongo na Kabambare, kila msimu wa mpira wa shule na vyuo unapofika mwisho husikika maneno yale yale. Ekipe ikishinda, wachezaji hubebwa mabegani. Ikishindwa, mwamuzi amekula rushwa, au wapinzani wamezika dawa golini. Kisha kila mtu hushika njia yake, na mwaka ufuatao makosa ya zamani hurudi uwanjani yamevaa jezi mpya. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami naongeza: ekipe isiyofanya hesabu ya msimu wake haitapiga hatua.

Hesabu hiyo si ya mabao peke yake. Tuulizane mabao tuliyofungwa yaliingia dakika ya ngapi. Ikiwa mengi yaliingia baada ya dakika ya 70, kilichotushinda ni pumzi. Ikiwa yalitokana na kona, walinzi wetu hawakufundishwa nani amkabe nani. Mambo haya yaandikwe katika daftari, mechi kwa mechi, na daftari lisomwe mbele ya wachezaji wote, nahodha akiwemo. Fedha tunazochangishana kumlipa mganga zinunue mipira ya mazoezi.

Mfano tunao mkoani kwetu Maniema. AS Maniema Union ya Kindu ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024-25, ikapangwa na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini pamoja na AS FAR na Raja za Morocco. Katika mechi ya kwanza ilikwenda kwa Sundowns ikatoka sare ya 0-0. Hata hivyo ilimaliza mkiani mwa kundi. Wapo walioona aibu. Mimi naona funzo. Vijana wa Maniema wamethibitisha kwamba wanaweza kumzuia mkubwa kwa dakika 90. Kinachotakiwa sasa ni kudumu katika kiwango hicho mechi zote 6, na uwezo huo haupatikani mchezaji akiwa ameshakomaa. Hujengwa tangu utotoni, katika viwanja vya shule zetu.

Ndiyo maana macho yangu yako kwa wanafunzi wa ISP Kasongo. Chuo hicho huandaa walimu. Mchezaji wake wa leo kesho atasimama mbele ya darasa kijijini, na watoto watacheza kama atakavyowafundisha. Akiwa amezoea kufika mazoezini kwa wakati, kuheshimu filimbi na kukubali kukosolewa, hayo ndiyo atakayoyapanda. Akiwa amezoea kumzonga mwamuzi, hayo pia yatamea. Kwa hiyo kuiboresha ekipe ya chuo ni kuboresha mpira wa shule nyingi kwa wakati mmoja.

Vizuizi ninavijua. Mvua ikinyesha, barabara ya Kabambare hugeuka tope, na usalama umewasumbua watu wa huko kwa miaka mingi. Dhahabu ya Namoya, upande wa Salamabila, huwavuta vijana kuacha daftari na kushika sururu. Lakini mchagua jembe si mkulima. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, barabara inapopitika, ndiyo nafasi ya ekipe za maeneo haya mawili kutembeleana. Badala yake, wengi wetu ndipo tunapolala, na miguu husahau kazi. Na kijana mwenye nafasi katika ekipe ya shule ana sababu moja zaidi ya kubaki shuleni, mradi tushike sheria hii bila upendeleo: asiyeingia darasani haingii uwanjani, hata awe mfungaji bora.

Basi kila mmoja ashike sehemu yake. Wakuu wa shule na vyuo, wekeni saa za mazoezi katika ratiba na mzilinde. Makocha, andikeni. Wazazi, msimzuie binti anayetaka kucheza, wala msimruhusu mwana kuacha masomo kwa ajili ya mpira. Wafanyabiashara wa Kasongo, changieni nauli ya wageni kutoka Kabambare. Mashabiki, Waislamu na Wakristo mnaokaa pamoja pembeni mwa kiwanja, mlindeni mwamuzi hata siku anapotuumiza. Nanyi wachezaji, msisubiri msimu ufunguliwe ndipo mkimbie. Kutaneni juma hili, isomeni hesabu ya mwaka uliopita bila kuoneana haya, mchague kosa moja kubwa, na mlifanyie kazi mpaka liishe.