Risasi ya Mguuni: Polisi Watumie Nguvu Kiasi Gani?

Ninaposahihisha insha kuhusu polisi na maandamano, hukutana na watahiniwa wa aina mbili. Mmoja huandika kwamba polisi ni wauaji, akaishia hapo. Mwingine huandika kwamba waandamanaji ni wahuni, naye akaishia hapo. Wote wawili hupata alama chache kwa kuwa hawajagusa swali lenyewe: afisa mwenye bunduki anaruhusiwa kuitumia lini?

Wanaotetea nguvu wana hoja. Novemba 2012, maafisa zaidi ya 40 waliuawa na majangili karibu na Baragoi, Samburu. Hakuna mwenye akili timamu atakayewaambia maafisa walio katika hali kama ile wapulize filimbi. Mjini nako, mwenye duka lililovunjwa na kuporwa, huku mkopo wa benki ukimngoja, ana uchungu wa kweli. Naye mporaji hawezi kujificha nyuma ya Kifungu cha 37 cha Katiba, kwa maana haki ya kuandamana inayotajwa pale ni ya kuandamana kwa amani na bila silaha.

Uchungu wa watu kama huyo mwenye duka ndio uliotajwa Julai 2025, Rais William Ruto aliposema kwamba anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi mguuni, apitie hospitalini akielekea kortini. Kwa sikio la haraka, hiyo inasikika kama huruma. Si kichwa, ni mguu tu.

Mimi sikubaliani, na sababu ya kwanza imo katika kitabu chako cha Biolojia. Pajani hupita ateri kubwa inayopeleka damu mguuni. Ikikatwa, mtu anaweza kuvuja damu akafa kwa dakika chache, kabla ambulensi haijapenya kwenye matairi yanayowaka. Tena, anayekimbia hasimami ili alengwe vizuri. Risasi ikimkosa itampata mama anayeuza ndizi ng'ambo ya barabara. Zaidi ya hayo, hiyo ni adhabu, na kortini mtuhumiwa bado hajafika. Sheria zetu zina kifungo kikali kwa anayechoma mali kwa makusudi. Adhabu ya kupigwa risasi mguuni haimo.

Husemwa pia kwamba haki za binadamu zimewafunga polisi mikono. Anayesema hivyo asome Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Afisa aanze na njia zisizo za nguvu. Nguvu zikihitajika, zilingane na uzito wa kosa na ukaidi wa mhusika. Bunduki ni pale njia nyepesi zimeshindwa, kama vile uhai unapokuwa hatarini. Aliyejeruhiwa atibiwe mara moja. Na kuamriwa na mkubwa si kisingizio. Hakuna hapo panapomkataza afisa kujiokoa.

Kwa hiyo kinachopimwa ni hatari iliyopo wakati kifyatulio kinavutwa. Walioingia bungeni tarehe 25 Juni 2024 walivunja sheria, na kukamatwa kwao kungekuwa halali. Vitoa machozi pia vina mahali pake. Lakini kijana anayetoroka akiwa na bendera na simu hamhatarishi yeyote. Kufikia mwanzo wa Julai mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 katika maandamano hayo kote nchini.

Vifo kama hivyo huchunguzwa na Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi (IPOA), na hapo ndipo penye kazi. Jedwali lilo hilo linamtaka afisa mwenye sare aweke jina au nambari yake ionekane. Katika maandamano ya 2024 na 2025, wengine walifika wakiwa wamevaa kiraia, nyuso zimefunikwa. Mchunguzi ataandika jina la nani kwenye faili?