Namba ya Siri ni Ufunguo wa Mshahara



Siku hizi mshahara wa wengi wetu, viwandani na mashambani, hupitia katika simu. Basi mwizi naye hana haja ya kutuvizia njiani. Hujidai ni ofisa wa kampuni ya simu, au huleta ujumbe: "Ile pesa itume kwenye namba hii." Jasho la mwezi mzima hupotea kwa dakika moja.

Kampuni ya kweli haikuulizi namba ya siri. Anayeiuliza, awe msimamizi au jamaa, mnyime. Na wakala wa kusajili laini akikuambia kidole hakikusoma, urudie, uwe macho: huenda anasajili laini ya pili kwa jina lako. Kesho ikitumika kwa utapeli, utaulizwa wewe. Katika Tanzania, ambako usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 2019, piga *106# uone laini zilizo kwa jina lako.

Lakini si haki kumtwika kibarua mzigo wote huu. Mwajiri anayechukua alama za vidole vyetu langoni lazima aseme anazitumia kwa kazi gani, na ni nani anayeweza kuziona. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda habari za mtu mwaka 2019. Tanzania ikafuata 2022. Sheria iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu. Kila tawi na liidai katika mkataba wa hali bora, na viongozi wawafundishe wanachama kabla ya siku ya mshahara, si baada ya kilio.

Umoja wetu ndio ngao yetu.