Mradi wa Msaada Hupimwa Kwenye Foleni ya Maji
Mradi wa msaada wa kibinadamu huanza kwa tathmini ya mahitaji, si kwa kuagiza vifaa. Katika kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, kisha mwaka 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu, swali la kwanza ni maji. Kipimo hutoka katika viwango vya Sphere, mpango wa mashirika ya kibinadamu ulioanza mwaka 1997: angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, koki 1 kwa watu 250, na umbali usiozidi mita 500 kutoka nyumbani. Kwa hesabu hiyo, wakazi 5,000 wanahitaji lita 75,000 kila siku na koki 20. Hapo ndipo bajeti, zabuni na ratiba hupata pa kusimama. Utekelezaji hufuatiliwa kwa macho, si kwa makaratasi peke yake: dumu la lita 20 likipitisha dakika 3 bila kujaa, msukumo wa maji ni mdogo; foleni ikizidi nusu saa, koki hazitoshi. Ankara na stakabadhi hutunzwa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mkaguzi hulinganisha mabomba yaliyolipiwa na yaliyofukiwa. Mradi hufungwa kwa makabidhiano: kamati ya maji ya wakimbizi wenyewe hupewa funguo, vipuri na fundi aliyefunzwa, kisha tathmini ya mwisho huandikwa. Pampu isiyo na mwenyewe haikawii kunyamaza.