Usiku Usio na Usingizi

Juma lililopita usingizi ulitupaa hapa Temeke. Mbu walivuma nje ya chandarua, magari ya mizigo yakapita kwenda bandarini, nasi twatafuta kitu kimoja tu: sauti ya marehemu mama yetu. Uso wake twaukumbuka, hata kovu la kidoleni, sauti imetutoka. Je, tukiisahau sisi tuliobaki, nani ataisikia tena?

Tukawasha taa, tukakitwaa kitabu cha Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji, kilichopigwa chapa mwaka 1974. Mwandishi huyo alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Botswana, akafariki mwaka 2020. Katika hadithi yake kijana Kazimoto auliza maana ya maisha, asipate jibu, na mwisho ajiua. Albert Camus wa Ufaransa aliuliza swali lilo hilo mwaka 1942, akajibu kwamba mtu na aishi, ijapokuwa maana haionekani. Twasema wazi, mwisho wa Kazimoto hatukuupenda. Lakini mwandishi hakulificha swali, na hilo ni jema, kwa kuwa wengi hulilalia usiku kucha pasipo kumwambia mtu.

Saa kumi alfajiri tulimpigia simu dada yetu aliye Kinondoni. Alishtuka, akadhani pana msiba. Alipojua sababu akatuita jina letu la utotoni, akilivuta mwishoni, kama mama alivyotuita tulipochelewa kisimani.

Tukamwomba aite tena.