*TAARIFA YA TAWI: MTUHUMIWA WA UGAIDI NAYE ANA HAKI*



Wapo wenzetu wanaouliza: kwa nini chama kijishughulishe na haki za watu wanaotuhumiwa kwa ugaidi? Swali ni zuri, tulijibu.

*1. Hatutetei ugaidi.* Tarehe 7 Agosti 1998, bomu kwenye ubalozi wa Marekani liliua watu 11 hapa Dar es Salaam. Aliyefanya hayo afungwe. Tunachodai ni kesi isikilizwe na ushahidi utolewe.

*2. Yametokea hapa hapa kwetu.* Viongozi wa Uamsho kutoka Zanzibar walikaa ndani takriban miaka 8. Juni 2021 DPP akafuta mashtaka, wakarudi nyumbani bila hukumu yoyote. Mwenyekiti wa CHADEMA wa wakati huo, Freeman Mbowe, alikamatwa Julai 2021 na kuachiwa Machi 2022 kwa njia hiyo hiyo. Nani anawarudishia muda huo? Mtoto aliyezaliwa wiki ya baba kukamatwa, miaka 8 baadaye anajua kusoma na baba hamjui.

*3. Kasoro iko kwenye sheria.* Ugaidi hauna dhamana. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachozuia dhamana kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwa hiyo neno "ugaidi" likishaandikwa kwenye hati ya mashtaka, hakimu amefungwa mikono. Kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, inaahirishwa. Katiba, Ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Kukaa mahabusu miaka 8 ni nini kama si kifungo?

*4. Mateso hayawasaidii hata wafiwa.* Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani alishtakiwa New York kwa mabomu ya 1998. Kwa sababu alihojiwa kwa mabavu katika jela za siri za CIA, jaji alimkataa shahidi muhimu aliyejulikana kupitia mahojiano hayo. Mwaka 2010 Ghailani alionekana hana hatia kwa mashtaka zaidi ya 280, akapatikana na hatia kwa moja tu. Alifungwa maisha, lakini kesi ilinusurika kuvunjika yote. Anayemtesa mtuhumiwa anaharibu ushahidi wake mwenyewe.

*MSIMAMO WA TAWI:*
✅ Upelelezi uwekewe ukomo. Ukipita, mtu aachiwe.
✅ Dhamana iamuliwe na mahakama kwa kuangalia mazingira ya kila kesi.
✅ Wakili na familia wajulishwe tangu siku ya kwanza.
✅ Aliyefutiwa mashtaka baada ya miaka mahabusu alipwe fidia.

Tunawaomba wanachama wamwulize mbunge wetu hadharani: yuko upande gani kwenye haya manne? Mwenye ndugu mahabusu asikae kimya kwa aibu. Amwone Katibu wa Tawi, tushirikiane kutafuta wakili.

Leo ni kwa jirani, kesho ni kwako.

Imetolewa na:
Katibu Mwenezi wa Tawi
_Sambaza kwa wengine._